Yai la Mia na Moja

Kama humu mna neno moja la uongo, nywele zangu saba zilizobaki zing'oke. Nimekagua tiketi kwenye treni ya Bangkok kwenda Chiang Mai miaka thelathini na moja. Nimeshuhudia tembo akisimamisha treni aulize saa. Lakini hii ya Malai na Sanguan ni kweli tupu.

Malai alikuwa mshonaji wa Lampang. Alipanda Bangkok na blauzi ya manjano, sketi ya hariri, na kikapu alichokikumbatia kama mtoto. Harufu ikajaa behewa zima.

"Dada, tunda la doriani haliruhusiwi humu, linanuka," nikasema.

"Doriani gani, mjomba?"

Kijana wa kiti cha pili, Sanguan, fundi redio mwenye masikio makubwa, akainua mkono. "Ni mimi ninayenuka."

"Unanuka hivi kila siku?" Malai akamwuliza.

"Panda tena Jumapili uhakikishe."

Doriani lenyewe walilila mlangoni, mpunga ukikimbia nyuma yao, nami nikapewa kipande ninyamaze. Tulipotoka kwenye handaki la Khun Tan, Malai akagutuka: Lampang ilikuwa imepita zamani.

Ikawa kila Jumapili. Walipoanza kutaja harusi, Sanguan akapotea. Wiki ya pili Malai akaomba simu ya muuza tambi wa stesheni, akampigia fundi mwenzake Sanguan.

"Ameondoka na begi, dada. Hajasema anarudi lini."

Malai akapiga magoti kwenye kibanda cha mizimu karibu na stesheni ya Lampang. "Nikimpata mwezi huu, naleta mayai mia ya kuchemsha. Nisipompata, naolewa na yule wa baiskeli anayeniposa kila siku."

Akapanda treni kwenda kumtafuta kwao Chiang Mai. Asubuhi huko, watawa wakipita na mabakuli yao ya sadaka, akanunua wali wa kuwapa, akapiga magoti. Mwanamke hamkodolei mtawa macho, kwa hiyo alimwona wa mwisho miguu tu.

"Mheshimiwa mtawa, niombee. Nimeachwa na mjinga mmoja wa redio."

Mtawa akaanza dua, akaisahau katikati. Malai akainua macho. Nywele hakuna, nyusi hakuna, lakini masikio yalikuwepo.

"Bibi yangu anaumwa," akanong'ona. "Alitaka anione nimevaa joho la utawa kabla sijaoa. Zimebaki siku mbili nilivue. Kwani barua hukuipata?"

Hakuipata, wapenzi wasomaji, kwa sababu mimi niliyetumwa nilinyang'anywa na tembo dirishani.

Siku ya tatu Sanguan akashuka Lampang. Malai alikuwa kibandani anamenya mayai ya ahadi. Akamtazama kichwa.

"Niliahidi mia. Wewe umeleta la mia na moja."

"Nywele zikiota, mama atakuja kuongea na baba yako."

"Aje kesho, kaka Sanguan. Nywele zitaotea ndani ya ndoa."

Juzi nilikuwa nasimulia haya kwa muuza tambi. Malai, bibi wa wajukuu sita sasa, akaingia na koti langu la kazi nililompelekea abadilishe bitana. Akaweka mezani bahasha ya njano yenye jina lake, haijafunguliwa.

"Ilikuwa ndani ya bitana," akasema. "Tembo anakusalimu, mjomba."

Muuza tambi akacheka mpaka akazima jiko.

Basi niko hapa kwenye kibanda cha mizimu tangu alfajiri, namenya mayai mia, faini ya tembo wangu. Sanguan amekaa kivulini, amevaa kofia yangu ya ukaguzi, na kila yai lililobakiwa na ganda ananirudishia.