Mkono Wangu wa Plastiki Ulijua Kabla Yangu

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, naishi na mama Makongeni, Thika. Wasomaji wenzangu, naandika haya bila machozi. Nilidhani yangekuja, hayakuja...

Miaka mitatu iliyopita, mashine ya kiwanda cha nguo ilinichukua mkono wa kushoto. Hospitali ikanipa wa plastiki. Ulipendeza kutazama, lakini nilivunja vikombe, nikaponda nyanya za watu sokoni. Mkono usiohisi una faida gani?

Sikufundishwa na mtu. Nilikata mpira wa baiskeli, nikaunda kifuko cha hewa na kukificha kiganjani. Mrija mwembamba ulipanda hadi kwenye mkanda juu ya kiwiko. Kiganja kikibanwa, hewa ilipanda, mkanda nao ukanibana. Nilishika yai lisivunjike! Nilishika mkono wa mama, nikajua ameshika wangu.

Mchumba wangu Karanja, wa Ruiru, sikumwambia kwamba mkono sasa unahisi. Mkanda ulichelewa kidogo, nami siwezi kuonyesha kitu chenye kasoro. Angeshangaa siku ya harusi.

Siku ya ruracio, wakwe walipoleta mahari, nilifunikwa leso pamoja na mabinamu zangu ili Karanja anitambue. Tata, dada ya baba, akamhurumia. "Wasichana, kila mmoja atoe mkono wa kushoto chini ya leso, Karanja aushike. Na ukikosea hapo, kijana, faini ni mbuzi!"

Watu walicheka. Nani angekosea plastiki?

Alinishika. Mkanda ukabana... ukalegea papo hapo, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Akapita. Mbele ya binamu yangu Nyokabi, hatua zake zikatulia.

"Ni huyu!"

Leso zikafunuliwa, vicheko vikajaa uwanja. "Nilikuwa nawachezea tu, jameni!" akasema, akakubali kutoa mbuzi. Nami nikacheka.

Mnajua nilifanya nini usiku huo? Niliufungua mkono! Nilijiambia mpira unavuja. Niliutumbukiza kwenye karai la maji, kama fundi wa baiskeli, nikatafuta povu. Hakuna. Nikabadilisha mpira, nikarudia. Hakuna!

Karanja akaacha kuja Jumapili. Mama akauliza, "Huyo kijana amepotelea wapi?" Nilimjibu kwamba bado sijamaliza kurekebisha mkono.

Wiki ya harusi, Tata alikuja akakaa bila kuvua kitambaa cha kichwa, akatueleza. Karanja na Nyokabi walikuwa wamepanga chumba Mwihoko. Nyokabi alikuwa na mimba.

Sikulia. Nilishika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Mkanda ulinibana vizuri, bila kuchelewa hata kidogo.

Dada zangu, nawasihi... ukihisi mtu amekuachilia, usikimbilie kujitafutia kasoro. Usikae kando ya karai ukingoja povu, kama mimi.

Mkono wangu haukuvuja. Alikuwa ameniachilia.