Saa Isiyosema Saa

Jioni ile, mtaani Kitty, tulikuwa watano. Hubert Erskine Sealey, fundi mstaafu wa simu, mwenye nyumba. Oneka Sealey, mkwewe. Coralie, mtoto mchanga wa Oneka. Bibi Ismay Leonora Pilgrim, jirani. Na mimi, Compton Rodway, niliyempelekea Hubert koili ya waya uliosokotwa kabla giza halijaingia.

Coralie alikuwa ananyauka. Kila asubuhi aliamka na alama za buluu kifuani, kama aliyenyonywa. Kwetu Guyana tunamjua mnyonyaji huyo: Ole Higue, ajuza anayevua ngozi yake kama gauni, akaruka akiwa mpira wa moto. Ukimwaga mchele mlangoni, hana budi auhesabu mpaka kukuche. Ila asikatizwe; hesabu ikikatika, yuko huru.

"Mchele unaisha," Hubert aliniambia, akiilehemu koili. "Namba haziishi."

Alikuwa ametengeneza saa ya taa za niksi: vioo vidogo vyenye nyaya zilizokunjwa kuwa tarakimu, ziwakazo rangi ya kaa la moto. Taa hizo haziwaki kwa umeme mdogo. Betri ya gari ilitoa volti kumi na mbili. Mtambo wake uliukata mkondo huo haraka haraka, koili ikaurusha juu, kapasita ikauhifadhi. Volti mia na themanini, kwenye waya ulio uchi. Mkono wake wa kushoto haukutoka mfukoni. Ni desturi ya mafundi, umeme usipate njia ya kupita moyoni.

Akawasha. Tarakimu zikaanza kukimbia.

"Baba, saa gani hiyo ina haraka kuliko mwizi?" Oneka aliuliza, mtoto begani. "Itatuambia saa ngapi?"

"Haisemi saa. Inahesabu tu."

Bibi Pilgrim aliingia bila hodi, na bakuli la uji wa mtoto.

"Hubert, tangu lini fundi simu akawa mganga?" Akacheka. Kisha akaziona taa.

Kicheko kikakatika.

Akaketi. Midomo yake ikaanza kucheza. Nilidhani anasali... nikamsogelea.

Alikuwa anahesabu.

Harufu ikapanda, ya samaki aliyeoza na ngozi mbichi iliyolowa. Mate mazito, ya njano, yalimchuruzika kidevuni yakadondokea kwenye ule uji. Hakuyafuta. Nzi akatua kwenye jicho lake, akatembea juu ya mboni.

Hakupepesa.

"Bibi Pilgrim?" nilinong'ona.

Oneka alirudi nyuma hadi ukutani. "Baba... usizime. Nakusihi, usizime mpaka asubuhi."

"Sizimi, mwanangu."

Hapo Coralie akalia, akalitafuta titi. Kwa muda mrefu alikuwa hana hata nguvu ya kunyonya. Oneka akabubujikwa na machozi.

Bibi Pilgrim akasikia kilio kile. Akanyoosha mkono, akaushika waya ulio uchi.

Chaaa!

Hubert alikuwa fundi maisha yake yote. Fundi akiona mtu amenaswa na umeme, haulizi ni nani.

Akazima.

Taa zikafa. Hesabu ikakoma.

"Asante, mwanangu," alisema Bibi Pilgrim kwa sauti tamu. "Nimemaliza."

Aliuondoa mkono. Ngozi yake ilibaki pale kwenye waya, ya kiganja kizima pamoja na kucha, ikining'inia kama utando wa maziwa. Haikutoka damu hata tone. Na mahali ilipotoka ngozi palikuwa na rangi ya zile taa. Nilitapika dirishani. Nilipogeuka, alikuwa amekwisha kuondoka. Bakuli lake aliliacha.

"Ni mshtuko tu," Hubert alisema. "Ngozi ya wazee hulegea." Labda. Alijaribu kuwasha tena, saa haikuwaka. Ile ngozi aliifunga gazetini. Asubuhi tulilikuta gazeti limelowa, halina kitu ndani.

Bibi Pilgrim bado ni jirani yetu. Kanisani huvaa glavu nyeupe, mkono mmoja.

Coralie Sealey alifariki alfajiri ile.