Kidole Kwenye Unga wa Uyoga

Kabati halikuvunjwa; lilifunguliwa kwa ufunguo. Bahasha ya uyoga wa porini, uliokaushwa miaka thelathini na moja iliyopita, ilikuwa mezani, na uyoga umo ndani, mzima. Kilichoibwa ni karatasi tu.

"Mwizi gani huyu, anaacha mali anabeba karatasi?" Inspekta aliuliza.

Mkurugenzi wa hifadhi ya sampuli hakucheka. Alieleza kwamba uyoga mbichi ukilazwa juu ya karatasi hudondosha unga wa mbegu zake, ukaacha mchoro. Unga wa kahawia wa karatasi iliyoibwa ulikuwa ukwanguliwe kesho yake, upelekwe maabara. Uyoga wa aina hiyo haujaonekana tena porini.

Inspekta alifungua daftari la sampuli. Mbele ya namba ya bahasha paliandikwa: "Mchoro umeharibika. Kidole cha mtoto." Mwandiko ulikuwa wa mtunza sampuli, mwenye ufunguo.

Akamwita. Alikuwa mzee wa kukaribia kustaafu, koti lake jeupe limenyooshwa pasi.

"Mzee wangu, huyu mtoto ni wa nani?"

"Wa zamani, afande."

"Nimeuliza wa nani."

"Wangu."

"Yuko wapi?"

"Alifariki mwaka uleule, kwa homa. Alikuwa na miaka minne. Nilikuja naye kazini, nikageuka kidogo tu, akaugusa unga. Nikamgombeza, akalia."

"Picha yake hamna?"

"Tulisema tutampiga ya kwanza akianza shule."

Inspekta, mwenye binti wa umri huohuo, alilifunga daftari.

"Kwa hiyo ukaichukua."

"Nilimwomba mkurugenzi wapaache pale penye kidole. Akasema unga wenyewe hautoshi. Wangemkwangua mwanangu, afande."

"Iko wapi?"

Tangu mzee aingie, Inspekta alikuwa akiliangalia doa la kahawia chini ya mfuko wa koti lake.

"Mfukoni?"

Mzee aliinamisha macho, akaliona doa. Akaitoa karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara nne.

"Nilisikia mlango," alisema. "Nikaikunja."

Miaka yote hiyo aliwafundisha wageni wa kazi kwamba karatasi hizi hazikunjwi. Aliikunjua polepole. Unga ulikuwa umesuguka wote. Kidole hakikuwepo.

Konstebo aliyekuja na Inspekta alileta mfuko wa vielelezo, akaitia karatasi.

"Na koti, afande?"

Mzee alilifunika lile doa kwa viganja vyote viwili.

"Koti niachieni," alisema.

Inspekta aliandika kwenye fomu: karatasi moja. Koti hakuliandika.