Nilimtoa Shemeji Chini ya Mti, Akaninyooshea Kidole

Nina miaka arobaini na miwili. Ni mzaliwa wa pwani ya Kenya, upande wa Kilifi, na haya nayaandika nikiwa Jeddah, mtaa wa Ruwais, ambako nalinda jengo la wapangaji. Majina nimeyabadilisha yote. Mimi niiteni Baya.

Wasomaji wenzangu, siku hizi situlii. Nikikaa kwenye kiti changu cha getini, nasimama. Nikisimama, nazunguka jengo. Juzi mpangaji mmoja aliniuliza nimepoteza nini, maana kila akishuka ananikuta natembea nikiangalia chini. Ningemwambia nini mtu wa watu? Nilimjibu kwamba nanyoosha miguu.

Kabla ya kuja Saudia nilikuwa mpasuaji mbao. Nyuma ya kijiji chetu, si mbali na bahari, kulikuwa na msitu wa tangu enzi za babu za babu zetu. Mle ndani kulikuwa na mibambakofi ambayo watu watatu mkiizunguka mikono haikutani. Niliingia humo nikiwa kijana, sikutoka mpaka nilipoanza kuota mvi.

Kazi ile ilikuwa ya wawili wawili. Mnaangusha mti, mnalipandisha gogo juu ya shimo, mnapiga mstari kwa uzi uliopakwa makaa ya betri, kisha mmoja anasimama juu ya gogo na mwingine anashuka shimoni. Wa juu ndiye anayeongoza msumeno. Wa chini anavuta bila kuona anakokwenda, na vumbi lote la mbao linamwangukia machoni.

Mimi nilikuwa wa juu. Wa chini alikuwa Karisa.

Karisa alikuwa shemeji yangu, mume wa Kadzo, dada yangu wa pekee. Nani atanielewa nikisema kwamba yule mtu nilimjua kwa pumzi? Nikivuta, anavuta. Nikilegeza, analegeza, wala sikuwa nimemwambia kitu. Tulilala chini ya nailoni moja, tukala ugali na papa mkavu katika sufuria moja, tukaugua malaria pamoja. Mwenzetu mmoja alipopigwa na tawi bovu kichwani akafa palepale, mimi na Karisa ndio tuliombeba kwenye machela ya fito hadi barabarani.

Maisha yale yalinigharimu. Mke wangu aliniacha, akasema hawezi kuishi na mwanamume anayeonekana nyumbani mara moja kwa mwezi, tena akija ananuka dizeli. Sikumlaumu. Nikabaki na mama yangu, dada yangu na shemeji.

Halafu serikali ikafunga msitu. Na tuseme ukweli, hata kabla ya kufungwa, miti mikubwa ilikuwa imekwisha. Tulikuwa tunatembea nusu siku kutafuta mti mmoja wa maana. Misumeno ikawekwa darini. Wanaume wenye mikono kama yetu tukawa tunashinda chini ya ukuta wa duka tukingojea kibarua cha kuchimba choo!

Karisa ndiye aliyetangulia Saudia. Alipata udereva Riyadh kwa bosi mmoja mwenye shamba nje ya mji. Hakunisahau. Alinitafutia kazi kwa shangazi ya bosi wake, mama mtu mzima anayeishi Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha. Nilipofika uwanja wa ndege nilimshukuru Mungu kwa kunipa shemeji wa namna ile.

Kwa madam nilikuwa mtunza bustani. Ikama yangu, yaani kibali cha kukaa, ilikuwa kwa jina lake yeye, ndiye kafili wangu, mdhamini. Nilimwagilia mitende, nilipogoa maua ya ukutani, nilifagia ua. Madam hakuwa na maneno mengi. Akiridhika husema halas, akitaka kitu kifanywe husema yalla, basi. Nilikaa pale kwa amani mpaka nikaanza kunenepa.

Ndipo Karisa akapiga simu.

Aliniambia majira ya baridi yameingia, na watu wa Riyadh baridi ikianza hawataki kingine ila kukaa nje kuota moto na kunywa kahawa. Bosi wake alihitaji kuni. Kuna bonde moja mbali na mji lenye migunga iliyokauka, akasema, na bosi ana kibali cha kuikata. Kilichokosekana ni mtu anayejua msumeno. Alikuwa ameshamwambia bosi, na bosi alikuwa ameshamwomba shangazi yake aniazime kwa muda.

Nilimuuliza kibali hicho amekiona? Akacheka, akaniuliza tangu lini wa juu akamwogopa wa chini.

Nikapanda basi kwenda Riyadh.

Asubuhi iliyofuata tulitoka na gari la bosi, sisi wawili tu. Tuliendesha mpaka lami ikaisha, tukaingia kwenye mawe, tukateremka bondeni. Wasomaji, nilipoiona ile miti moyo wangu ulishtuka. Ilikuwa migunga mizee, shina limejisokota kama kamba, matawi yametandaa kama mwavuli. Katika nchi ile kavu, miti ile ilikuwa imeishi miaka mingi kuliko ukoo wangu mzima. Na haikuwa imekauka! Niliparua gome kwa panga. Ndani palikuwa na rangi ya kijani, na maji yakatoka.

Nilimwambia Karisa mti huu ni mzima. Akasema bosi anataka kuni za mti huo huo, kwa sababu ndizo zenye makaa yanayodumu. Nikamwambia anionyeshe kibali. Hapo akaanza kukwangua mkono wake kwa kucha… Nikajua hakuna kibali.

Hata sisi wageni tulikuwa tunajua kwamba huku kukata mti hai wa porini ni kosa kubwa. Nilimwambia turudi. Akasema atamwambia nini bosi, na yeye alikuwa ameshaahidi? Nikamwambia mimi mti huu siukati. Niliona mingi ikiisha kule kwetu, na bado nikaishia kukaa chini ya ukuta wa duka.

Alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona machoni mwake. Kisha akachukua msumeno wa injini nyuma ya gari, akaenda mwenyewe. Funguo za gari alikuwa nazo yeye. Mimi nikakaa kwenye kivuli cha gari, nikangoja.

Karisa alikuwa fundi wa kuvuta kutoka chini. Hata tulipoangusha miti, wa kuchagua pa kukata nilikuwa mimi. Nilisikia msumeno ukinguruma, ukabanwa, ukanguruma tena. Nilisimama nimpigie kelele akate upande wa pili. Sikuwahi… Mgunga ulipasuka katikati, ukaruka nyuma, ukamlalia.

Nilikimbia. Nilimkuta amelala chali, mguu wa kushoto uko chini ya shina, miiba imemchana uso wote. Aliniita jina langu, akaniomba nisimwache. Nilitazama uzito wa mti umeelemea wapi, nikasukuma mawe chini ya shina lisije likamlalia zaidi, nikauokota msumeno uleule. Nilikata matawi ya juu kwanza, moja moja, kupunguza uzito. Ukikosea tawi moja hapo, mti unajiviringisha na mtu anakufa. Halafu nikalikata shina pande zote mbili za mguu wake, nikakisukuma kile kipande kwa bega.

Nilikuwa nimepiga magoti, nimemfunga mguu kwa shati langu, msumeno uko kando yangu, nguo zangu zimejaa vumbi la mbao, walinzi wa mazingira walipofika na magari yao mawili.

Mkubwa wao aliuliza nani aliyekata. Kiarabu changu kilikuwa cha bustani na jikoni tu. Karisa, dereva, alikuwa anakijua vizuri. Akainua mkono kutoka pale chini alipolala, mkono niliokuwa nimetoka kuushika, akaninyooshea kidole.

"Huyu," akasema kwa Kiarabu. "Mimi nilikuja kumleta tu."

Neno hilo nililielewa. Laiti nisingelielewa!

Yeye alipelekwa hospitali, mimi nikapelekwa mahabusu. Bosi aliitwa, akasema hajui lolote, hakumtuma mtu, na mimi si mfanyakazi wake. Nilirudia kwa kila aliyenisikiliza: mafi, mafi, hapana, si mimi. Lakini ungekuwa wewe ungemwamini nani, majeruhi aliyelala kitandani au mtu aliyekutwa na msumeno?

Niliamini jambo moja tu. Shemeji akipata nafuu, atasema kweli. Siku ya kutembelewa ikifika nilikuwa wa kwanza kusogea mlangoni. Wenzangu wakawa wananicheka. Nilikuwa natembea kutoka ukuta hadi ukuta mpaka mzee mmoja wa Kipakistani akaniomba nikae chini, namtia kizunguzungu. Tabia hiyo ya kuzunguka niliipatia humo ndani, na mpaka leo haijanitoka.

Karisa hakuja. Mguu ulikatwa chini ya goti, bosi akamkatia tiketi, akarudi nyumbani.

Na huko nyumbani alisema nini? Alisema Baya ndiye aliyeuangusha mti vibaya ukamlalia. Baya, fundi wa juu, kwa uzembe wake! Siku moja walinzi waliponiruhusu kutumia simu, nilimpigia dada yangu. Kadzo alisikia sauti yangu, akasema maneno ambayo nayasikia hadi leo.

"Kaka, kila siku namuosha kile kisiki cha mguu, na kila siku nakutaja wewe. Usinipigie tena."

Nilimpigia mama. Simu iliita mpaka ikakatika.

Aliyeniokoa ni mtu ambaye simjui hata nyumba yake. Idris, Msudani, mchunga ngamia. Kumbe siku ile alikuwa juu ya mlima na ngamia wa tajiri wake, ambao hujipumzisha kwenye vivuli vya migunga ile. Yeye ndiye aliyewapigia simu walinzi aliposikia msumeno. Alikuwa ameona yote kwa macho yake. Kisha akahamia malisho ya mbali, hakujua kilichofuata. Aliporudi bondeni akawauliza walinzi habari za yule mwenye koti jekundu aliyekata mti, amepona? Walinzi wakashangaa. Mwenye koti jekundu alikuwa Karisa, na wao walikuwa wamemfunga mwenye fulana.

Idris hakuishia kuuliza. Alikwenda na tajiri wake kutoa ushahidi, akaeleza kwamba yule waliyemfunga alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari, na msumeno aliushika kumtoa mwenzake tu. Nikaachiliwa. Nilimkuta nje ya mlango, amenunua maji na mkate. Nilitaka kumuuliza kwa nini amejisumbua kwa mgeni kama mimi, lakini nililia tu kama mtoto.

Nilirudi Jeddah. Madam hakuweza kunitazama usoni, kwa aibu ya mpwa wake nadhani. Aliniruhusu nihamie kwa kafili mwingine, na nikiwa nangoja karatasi hizo nilikaa mtaa wa Kandara, chumba kimoja na wanaume wengi, mizigo imepangwa hadi darini. Baadaye nikapata kazi hii ya kulinda jengo.

Kila Ijumaa nilimtumia Kadzo ujumbe wa sauti kumweleza ilivyokuwa. Hakujibu hata mmoja. Lakini Wakenya wa Riyadh wana midomo, na habari za Idris zikafika kijijini zikinong'onwa. Siku moja mchana, nikiwa hapa getini, simu ikaita. Alikuwa Kadzo mwenyewe.

"Kaka, najua," akasema. "Nilimbana, akanieleza kwa mdomo wake."

Nilimwambia basi, namshukuru Mungu, sasa waambie watu.

Akalia. Akaniambia ndugu zake Karisa wamemjengea kibanda cha duka kwa huruma. Wakijua kwamba alimfungisha aliyemwokoa, watamtupa, na watoto watasemwa mpaka shuleni.

"Wewe uko mbali, kaka. Sisi tuko hapa. Liache likae kwako."

Wasomaji, hebu niambieni… mngejibuje? Jina langu kijijini ni jina la mzembe aliyemlemaza shemeji yake. Wazee niliopasua nao mbao hawanitumii hata salamu. Na dada yangu, niliyembeba mgongoni akiwa mdogo, ananiomba niendelee kuwa mtu huyo! Nilizunguka jengo hili sijui mara ngapi, simu iko sikioni, yeye ananisubiri.

Mwisho nilimwambia, "Mama aambiwe. Wengine basi."

Kadzo alitimiza. Nilijua ametimiza kwa sababu jioni ya siku ya pili mama alinipigia, mama ambaye kupiga simu kwake ni mpaka aombe mtoto wa jirani ambonyezee namba.

"Baya," akasema, "nilikuwa nikiona ni wewe unapiga, naigeuza simu kifudifudi. Leo nimepiga mimi."

Tulikaa na simu masikioni, kila mmoja anamsikiliza mwenzake anavyopumua, mpaka salio lake likaisha.

Ndugu zangu mnaotafuta maisha huku, na ninyi mnaopanga kuja, nawasihi. Jamaa yako akikuita kazini na kukwambia kibali kipo, kione kwa macho yako kabla hujapanda basi. Usione haya kwa sababu ni shemeji, au kwa sababu mlikula sufuria moja. Mimi niliuliza mara moja, nikachekwa, nikanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikonifikisha mahabusu. Na kazi ikiwa ya kuharibu kilichokatazwa, kataa ukiwa bado nyumbani, si ukiwa jangwani na funguo za gari ziko mfukoni mwa mwingine.

Msiniulize kama najuta kumtoa. Hata leo ningemtoa.

Mkataba wangu ukiisha nitarudi kwetu. Njia ya kwenda kwa mama inapita mbele ya duka la Karisa, nyingine hakuna. Atakuwa amekaa pale, na watu wamemzunguka, na mimi nitapaswa kusimama nimwamkie. Hayo maneno ya kumwamkia ndiyo ninayoyatafuta kila siku nikizunguka jengo hili, na bado sijayapata.