Faili Moja Limetumwa

Asubuhi ile haikuwa na baya lolote. Jirani yetu mmoja, fundi kompyuta wa kituo cha redio, alikuwa anamfunga bintiye kamba za viatu, na mtoto akauliza kama mtu anayeuliza saa: "Mama, hivi baba alikuwa anaongeaje?"

Baba mtu, aliyekuwa fundi sauti wa kituo hichohicho, alikuwa ametimiza miaka miwili kaburini. Kumbe mtoto ameshaanza kumsahau sauti. Jamani, kifo kinaua mara ngapi?

Dawa ilikuwepo. Marehemu alikuwa na kawaida ya kubaki studio baada ya kazi, akimrekodia binti yake hadithi, na zote alizihifadhi kwenye folda yake ndani ya seva kuukuu ya ofisi. Seva hiyo ilikuwa inazimwa na kufutwa siku hiyohiyo, saa sita mchana. Ruhusa ya kuzichukua mama alipewa. Neno la siri hakuna aliyelijua, na waliowahi kuisimamia seva walishahama kazi zamani. Mumewe mwenyewe alikuwa mbishi. Akiombwa neno hilo alikuwa anacheka tu: "Mke wangu, kazi kazi, ndoa ndoa."

Saa tano na nusu mama alifungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Chombo alichozoea kuhamishia mafaili hakina picha wala madoido. Unakiandikia jina la mwenye akaunti na mahali pa kuchota, basi. Usipoweka neno la siri, kinakuuliza, nawe unaliandika gizani, maana hakionyeshi hata nukta. Ukikosea mara tatu, akaunti inafungwa.

Akaandika jina la mumewe. Akajaribu tarehe ya kuzaliwa mtoto. Kikakataa. Akajaribu tarehe ya ndoa. Kikakataa.

Simu ikalia, mwenzake wa chumba cha seva. "Dada, zimebaki dakika kumi. Bosi amenikalia kooni."

"Nivumilie kaka yangu, kidogo tu."

Akaandika jina mara ya tatu. Chombo kikauliza. Akaiweka mikono mapajani, kilio kikamtoka.

"Mume wangu," alinong'ona, "mpe mtoto sauti yako. Mimi usinihesabu. Kwangu chukua chochote."

Kitufe kimoja kikabonyea.

Hakukigusa yeye. Kikabonyea kingine, taratibu, kama mtu anayetafuta herufi kwa kidole kimoja. Kwenye kioo hapakutokea kitu. Akafumba macho. Akahesabu. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kisha kile kikubwa cha mwisho.

Alipofumbua, mafaili yalikuwa yanashuka. Saa sita kasoro dakika moja yakaisha, na chombo kikaandika hesabu yake: yamepokelewa kumi na mawili, limetumwa moja.

Moja? Yeye hakutuma kitu. Alipotaka kuangalia ni lipi, mawasiliano yakakatika. Seva ilikuwa imezimwa.

Alasiri alimkalisha binti yake kitandani, akafungua la kwanza. Mtoto akashtuka, kisha uso ukamchanua.

"Mama, ni baba! Ni baba huyu!"

Mama akasogeza sikio. Mvumo tu. Akaongeza sauti. Mvumo. Akafungua la pili, la tano, la kumi na mbili. Mtoto anacheka mpaka anajikunja, na yeye hasikii hata pumzi.

"Anasemaje?"

"Anasema nikilala nifumbe jicho moja, lingine limlinde mama."

Ni maneno yake kweli. Mama akajaribu kuyasikia kichwani, maana sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimlaza kwa miaka yote miwili. Akamtafuta jikoni, akamtafuta siku ya harusi, akamtafuta hospitalini siku ya mwisho. Kote huko mume alifungua mdomo, na hapakutoka neno.

Akageukia ukutani, akalia mtoto asimwone. Habari ya lile faili hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Binti akamgusa bega, akamnong'oneza sikioni: "Mama, baba anasema kile ulichomtumia kimefika. Anasema asante. Kule alikuwa hawezi kuongea."