Ramani Iliyofunika Nyingine

Kila siku baada ya masomo, Katungu alipita kwenye ofisi ya mradi wa maji, pale katika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, nje ya Goma. Yeye na Rachid, mwanafunzi mwenzake, walichora ramani ya kambi kwenye kompyuta: mahema, mabomba, matangi na vyoo. Faili la ramani lilikaa kwenye folda ya wote, na mafundi walichimba kwa kulifuata.

Tangu familia yake ilipokimbia vita katika mji wa Kiwanja, Katungu hakulia wala kucheka. Aliulizwa, akajibu. Alipewa chakula, akala. Mama yake alilalamika kwamba mutoto amekuwa jiwe, na hilo nalo halikumuuma.

Ijumaa umeme ulikatika, kama kawaida ya Goma. Katungu akalibeba faili kwenye flashi, akaenda kumalizia rangi za ramani katika duka moja lenye jenereta, mtaa wa Birere. Jumatatu akalirudisha kwenye folda. Kompyuta ikauliza: lipo lingine lenye jina hili, hili lichukue nafasi yake? Akabonyeza ndiyo. Maswali ya kompyuta, nani huyasoma!

Kumbe Jumamosi Rachid alikuwa amekihamisha choo kipya kwenye ramani, akakishusha chini ya mteremko, mbali na tangi la maji.

Jumatano mafundi walikuwa wakichimba shimo la choo, wakivunja mawe ya volkano kwa nyundo, juu kidogo tu ya tangi. Papa Jephté, msimamizi wa mradi, alifika mbio.

"Simamisheni! Munataka uchafu ushuke kwenye maji, kipindupindu kitumalize?"

"Ramani inasema hapa, Papa," fundi akajibu.

Papa Jephté akaenda nao ofisini, walikokuwa Katungu na Rachid, akamgeukia Rachid. "Nilikuambia uhamishe choo."

"Nilikihamisha, Papa. Haki ya Mungu!"

"Basi kiko wapi? Usinidanganye. Kesho usikuje tena."

Rachid akaanza kulia. Wote waliingia kwa jina moja la mradi, hivyo kompyuta isingeweza kumtaja mtu. Katungu angenyamaza tu, yangeisha. Alimtazama mwenzake akilia, hakusikia kitu, hata huruma. Lakini ukweli aliujua.

"Ni mimi, Papa," alisema kwa sauti yake ileile ya kila siku. "Niliweka yangu ya Ijumaa juu ya yake. Sikuangalia."

Papa Jephté akafungua historia ya faili, mahali kompyuta inapotunza matoleo ya nyuma. Ramani ya Jumamosi ilikuwepo, choo kiko chini ya mteremko. Akairudisha, akamwomba Rachid msamaha mbele ya mafundi, nao wakaenda kufukia shimo.

Rachid akafuta uso, akamsogezea Katungu kiti. Katungu akakaa, machozi yakamtoka, mengi, naye hakuyazuia.

Papa Jephté akawageukia wote wawili.

"Sikieni, watoto wangu. Faili la wote si la mutu mumoja. Kabla ya kuweka lako, fungua lililopo, tazama tarehe, kisha lako ulipatie namba mpya. Na ukikosea, sema mapema. Kompyuta iliweza kuitunza ramani, lakini haikuweza kumtetea Rachid. Aliyemtetea ni Katungu."