Ndimu Huondoka Kwanza

Saa tatu asubuhi, mwaka 1951, mtaani Mtanda mjini Lindi, Abilahi alifungua sanduku la marehemu kaka yake ili mirathi igawanywe. Chupa ya marashi yenye mdomo wa fedha haikuwemo. Jana usiku aliiona kwa macho yake. Sanduku halikuvunjwa, na ufunguo hutundikwa msumarini karibu na jiko, mahali ambapo yeyote angeuchukua.

Sajini Klementi wa polisi alimkuta mpishi wa nyumba, Nikodemo, amefungwa kamba mikononi.

"Mnuse vidole, Bwana Sajini," alisema Abilahi. "Marashi ya kaka yalikuwa ya ndimu na mti wa sandali. Huyu ananukia ndimu waziwazi."

"Nilikuwa naosha samaki," alisema Nikodemo.

"Hata shemeji amenithibitishia. Sivyo, Mwanaima?"

Mjane alikuwa chumbani nyuma ya pazia, bado yumo edani.

"Ni harufu hiyo hiyo," akasema bila kutoka.

Basi mnyonge keshahukumiwa, imebaki jela tu. Lakini Klementi hakuwa na imani na kesi zinazokwisha kabla ya chai. Alikwenda kwa Sada, mama aliyemchanganyia marehemu marashi yale, akaomba tone moja kwenye kifundo cha mkono. Ndimu ilimpanda puani mpaka akapiga chafya.

"Ngoja," Sada alicheka. "Ndimu haikai mwilini. Jasho kidogo tu, imekwenda. Kinachobaki ni mti."

Adhuhuri Klementi alirudi akijinusa mkono. Ndimu haikuwepo tena. Ilibaki sandali, ya upole, yenye joto la ngozi.

Akaanza na Abilahi, maana mirathi huwatia watu tamaa. Viganja vyake vilikuwa na udi na tumbaku, basi.

"Ufunguo uko wapi?"

"Nimempa shemeji autunze. Kauvaa shingoni."

Klementi aliuomba. Ukapenyezwa pembeni mwa pazia na uzi wake, bado una joto la mwili. Aliunusa, ukanukia sandali tupu, akaona haya kwa neno alilotaka kulisema, kwa kuwa mjane hajipaki manukato akiwa edani.

"Bwana Abilahi, aliyejipaka alfajiri, saa hizi ananukia sandali peke yake. Ndimu ya Nikodemo ni ya jikoni. Na aliyeishi na marehemu anayajua haya kuliko mimi."

Pazia likafunuka. Mwanaima alisimama mlangoni, chupa mkononi.

"Ni mimi. Mlikuwa mnagawana kila kitu chake. Nikajipaka tone moja, nikasubiri. Ndimu ni ya kila mtu. Ikishaondoka, anabaki yeye."

"Edani, Mwanaima!" Abilahi alishika kichwa.

"Niliogopa aibu hiyo hiyo. Nikamwacha mtoto wa watu afungwe kwa ndimu, nami nilijua. Wallahi nilijua."

Klementi alikuwa akifungua kamba. Mwanaima alimgeukia mpishi, machozi yakimtiririka.

"Nisamehe, baba."

Nikodemo alimsogelea, akanyoosha mikono yote miwili yenye alama za kamba.

"Nusa, bibi."

Aliinama akanusa.

"Ni samaki," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndivyo nilivyosema asubuhi."

Akachukua koti lake, akaenda zake. Siku ile samaki waliharibikia jikoni, hakuna aliyethubutu kuwapika.